Nafasi Mbili, Nafasi Nne

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Upepo wa ziwani ulituletea harufu ya ndagala, yaani dagaa, walioanikwa, upepo wa mlimani ukatuletea harufu ya mawese, na siku ambazo upepo haukuvuma tulivuta harufu ya jenereta. Ndani ya chumba hicho tulikaa watu wawili ambao kwa muda mrefu tulikosa kuelewana kuhusu nafasi tupu.

Nieleze, maana nikisema hivyo watu hudhani natania. Programu ya kompyuta huandikwa mstari kwa mstari. Mstari ulio chini ya mwingine husogezwa ndani kidogo ili anayesoma aone nini kinatawala nini. Unausogeza kwa kubonyeza kitufe kile kirefu cha chini. Mimi nilikuwa nabonyeza mara nne. Mwenzangu alikuwa anabonyeza mara mbili. Kwa lugha tuliyokuwa tukiitumia, mashine haijali hata kidogo; unaweza kuisogeza mistari yako au kuibananisha yote ukutani, itafanya kazi ileile. Mashine haijali, lakini sisi tulijali sana.

Na haikuwa nafasi tu. Yeye alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo mkulima ndani ya programu yake aliitwa *agriculteur*. Mimi nilisoma kambini Tanzania, kwa hiyo mkulima wangu aliitwa mkulima. Ni mtu yuleyule, ana simu ileile na mikungu ileile ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, lakini ukifungua faili hili anaitwa hivi na ukifungua lile anaitwa vile. Yeye alifunga mabano mwishoni mwa mstari, mimi niliyashusha mstari wa peke yake yapumue. Niliona maandishi yake yamebanwa. Yeye aliona yangu yanapoteza nafasi, kama mtu aliyejenga choo katikati ya uwanja.

Programu yenyewe ilikuwa ya ushirika wa mawese. Wakulima wa Rumonge na Kizuka, na wachache wa Muhuta, wanakamua ngazi zao kwenye mashine ya ushirika, na ngazi zikishakatwa hazisubiri: zikikaa sana zinachacha na mafuta yanakuwa mabaya. Zamani watu walikuwa wanalala pale kwenye mashine na mikungu yao kwa kuogopa kupitwa. Sisi tulitakiwa tuwapangie foleni kwa simu. Mkulima anajiandikisha, anapata ujumbe wa kumwambia zamu yake ni lini, anakata ngazi zake kwa wakati, anakuja, anakamua, anarudi nyumbani. Jambo dogo kabisa. Mtu mmoja mwenye akili timamu angelimaliza mapema. Sisi tulikuwa wawili.

Sasa lazima niseme kuhusu shamba, ingawa ningependa kuliruka.

Baba yangu alilima michikichi upande wa juu wa mji akiwa kijana. Ukaja mwaka ambao watu wa pwani hii hawana haja ya kuutaja, akavuka kwenda Tanzania usiku mmoja na nguo za mwilini. Mimi, binti yake, nilizaliwa huko. Kila mara alipotusimulia alitumia maneno yaleyale: "Tulitoka kwa muda." Muda huo ulinitosha mimi kuzaliwa, kumaliza shule na kujifunza kompyuta. Tuliporudi tulikuta shamba lina watu. Walikuwa wamepewa na serikali ya wakati huo, wamejenga, wamezaa, wamepanda michikichi mipya kati ya ile ya baba. Ikaja tume ya ardhi, wakaja na wazee wa mtaa, bashingantahe, ambao kazi yao ni kusikiliza ugomvi na kuutolea uamuzi. Uamuzi wa hapa Rumonge wakati ule ulikuwa mmoja kwa wote: kata katikati. Wakapanda mstari wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe unaochoma macho, kuanzia barabarani hadi mtoni. Nusu yao, nusu yetu.

Pale katikati kabisa, ndani ya mstari wa miyenzi, ulisimama mchikichi mmoja wa zamani. Hakuna aliyejua ni wa nani. Baba hakuukata mikungu kwa kuogopa ugomvi, na wao vilevile. Ngazi zake ziliiva, zikaanguka, zikaoza pale chini kila msimu, na nzi wakanenepa pande zote mbili.

Mtoto wa kwanza wa nyumba ile ya ng'ambo ya miyenzi ndiye aliyekuwa mwenzangu ofisini.

Hatukupanga hivyo. Yeye ndiye aliyeianzisha programu. Aliandika mafaili ya mwanzo peke yake, kisha baba yake akaugua, akampeleka Bujumbura na kukaa naye hospitalini miezi mingi hadi alipofariki. Katikati ya miezi hiyo ushirika ukaniajiri mimi. Nilikuta kompyuta, nikakuta mafaili yake, hakuna mtu. Nikaanza kazi. Kila faili nililoligusa nilisogeza mistari yake mara nne, nikabadilisha majina, nikashusha mabano. Niliona nasafisha.

Siku aliyorudi alisimama mlangoni na begi mgongoni. Tulifahamiana mara moja. Kwa miaka mingi tulikuwa tumesalimiana "amahoro" kupitia miyenzi bila kuongeza neno.

"Mubanyi," akasema, yaani jirani, na hakutabasamu.

"Pole na msiba," nikamwambia.

"Murakoze," akashukuru.

Akakaa, akafungua mafaili yake. Nilikuwa nimempa mgongo lakini nilisikia gurudumu la kipanya likizunguka, likizunguka, kisha likasimama.

"Nani ameingia mu programu yangu?"

"Mimi."

"Na uliniuliza?"

"Hukuwepo."

Mkurugenzi wetu, ambaye sote tulimwita Madame, alikuwa Mwislamu wa Bujumbura, mama wa mjini aliyevaa mtandio wa rangi ya limau na asiyependa kelele. Alijua habari ya shamba. Rumonge nzima ilijua. Alisema neno moja tu: "Hapa ndani hakuna shamba. Hapa iko kazi." Kisha akarudi chumba cha pili, ofisini kwake, akafunga mlango.

Basi vita vikaanza, na vilikuwa vita vya adabu. Asubuhi nilikuta faili langu limerudishwa nafasi mbili. Nikalirudisha nne. Baada ya chakula cha mchana nilikuta mkulima amekuwa *agriculteur* tena. Nikambatiza upya. Hatukugombana kwa mdomo hata siku moja. Tuliombana chumvi. Nikienda sokoni kununua samaki wa mukeke nilimuuliza kama anataka, na alipokwenda yeye aliniletea ndizi. Halafu tulikaa na kufutiana kazi. Nikiri kwamba nilifurahia sana kufuta. Nilikuwa na hasira ya miaka yote ya kambini, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mahali pa kuipeleka, tena pana kiyoyozi.

Tatizo la kufutiana ni kwamba mtu anayebadilisha mistari mia kwa ajili ya nafasi tupu anaweza kubadilisha mmoja wa maana bila kuuona. Msimu mdogo wa kwanza wa majaribio, asubuhi moja, programu iliwaita watu wawili kwa zamu moja: mama mmoja wa Kizuka na mzee mmoja wa mjini. Walifika pamoja, kila mmoja na mikungu yake, kila mmoja na ujumbe wake kwenye simu. Kila mmoja alimwonyesha mwendesha mashine simu yake. Mwendesha mashine, mtu wa sauti kubwa, alitangaza kwa watu wote waliokuwepo kwamba programu imeharibika, imeita watu wawili kwa zamu moja, na kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Mama wa Kizuka alikaa juu ya ngazi zake akakataa kuondoka. Mzee akakaa juu ya zake. Waliokuwa nyuma yao walianza kurudi nyumbani na mizigo kichwani, wakitutukana kwa lugha tatu.

Mchana Madame alituita. Alikuwa amefungua programu kwenye kompyuta yake, na ingawa hakuwa mtaalamu, alikuwa na macho.

"Hii iko kazi ya watu wangapi?" akauliza.

Akakigeuza kioo upande wetu.

"Minaona watu wawili wanapigana ndani ya kitu moja. Wanangu, sikilizeni. Msimu mkubwa ukifika na hii programu haiko moja, ninabaki na mutu moja. Sisemi nani. Mumoja ataenda kwake."

Aliposema kwake nilijua anamaanisha nini, na mwenzangu alijua. Nikifukuzwa mimi, baba angesema wametunyang'anya tena, mara ya pili, na safari hii mtoto. Akifukuzwa yeye, mama yake angesema wakimbizi walichukua nusu ya shamba, sasa wamechukua na kazi ya mwanangu. Yeyote atakayeondoka, miyenzi ile ingeota mpaka mawinguni. Na ukweli ni kwamba kile chumba chenye jenereta kilikuwa mahali pekee duniani ambapo mtu wa nyumba ile na mtu wa nyumba yetu waliulizana habari za chakula. Niliogopa kukipoteza zaidi ya nilivyoogopa kukosa kazi, na jambo hilo lilinishangaza.

Mimi ndiye niliyeleta wazo la mkaguzi. Mkaguzi ni programu ndogo inayosoma programu nyingine. Haiangalii kama kazi yako ni ya akili au ya kijinga. Inaangalia kama umeiandika kwa kanuni, na kama hukufuata inaikataa, haiingii, mpaka urekebishe. Kambini tulikuwa na mwalimu aliyerudisha daftari lolote ambalo halikupigwa mstari wa pembeni, hata kama majibu yote ni sahihi. Wengine walimchukia, mimi nilimpenda mno. Ulijua unachodaiwa.

Mwenzangu alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. "Bon. Iko vizuri. Mkaguzi haiko na famille."

"Haina baba wala mama," nikasema.

"Na hainywi pombe."

Tukacheka kidogo, maana bashingantahe wa siku hizi wanajulikana. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia.

"Lakini kanuni, ni nani ataiandika?"

Maana mkaguzi hazaliwi na kanuni za Rumonge. Unamwambia wewe: nafasi mbili au nne, mabano juu au chini, majina kwa lugha gani. Atakayemwambia ndiye aliyeshinda, na mkaguzi atamtetea milele bila kuchoka. Tulibishana siku kadhaa kwa upole ule ule wa chumvi na ndizi. Mwisho Madame akachoka, akafanya jambo ambalo nadhani haliwezi kutokea kwenye ofisi ya kompyuta mahali pengine popote. Alimwita mushingantahe.

Na hakuwa mwingine. Alikuwa mzee yuleyule aliyekata shamba letu. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaangalia kompyuta mbili kama mtu anayeangalia mbuzi asiotaka kuwanunua. Madame akaagiza bia. Mzee akanywa ya kwanza bila kusema kitu. Watu hupenda kuandika kuhusu busara ya wazee wetu; huyu siku ile alikuwa na kiu tu.

Hakuuliza programu ni nini, wala mkaguzi ni nani. Aliuliza swali alilokuwa amezoea kuuliza.

"Nani alifika wa kwanza?"

"Mimi," akasema mwenzangu. Akasimama, kama tulivyosimama siku ile shambani. "Mimi ndio nilianza. Kila mstari ya mwanzo niliipanda mimi. Nilitoka kwa muda tu, sababu ya ugonjwa. Nilirudi nikakuta mutu ameingia, amebadilisha yote, anasema iko yake."

Mzee akanigeukia. "Na weye?"

Nami nikasimama. Nilikuwa nimejaa. "Nilikuta hakuna mtu," nikasema. "Nilikuta imeachwa. Mimi ndiye niliyeitunza, nikaiongeza, nikaikuza. Ningeiacha ife kwa sababu mwenyewe hayupo? Leo anarudi anasema ni yake peke yake, jasho langu mimi liende wapi?"

Nilipofika kwenye jasho nilisikia sauti. Ilikuwa sauti ya mama yake. Mbele ya tume, mbele ya baba yangu, amesimama pale barabarani na kitenge chake kimefungwa kiunoni, mama yule alisema maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo, mpaka jasho. Siku ile nilitamani ardhi immeze. Sasa nilikuwa nimeyasema mimi, kwa moyo wote, na nilikuwa nayaamini.

Mwenzangu alikuwa ananitazama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilijua naye amesikia alichokisema, maana "nilitoka kwa muda" ni neno la baba yangu, na mtaa mzima umelisikia likisemwa mara nyingi hadi watoto wanaliigiza. Tulitazamana hivyo, mkimbizi na mkaaji, tumebadilishana midomo. Mzee akaomba bia nyingine.

Alipoimaliza akatoa uamuzi. "Mukate katikati."

Madame alijaribu kueleza kwamba kitu hiki hakikatwi. Mzee akasema kila kitu kinakatwa. Akaomba aonyeshwe mafaili yote, akaelekeza fimbo kwenye kioo. Haya ya juu ya kijana, haya ya chini ya binti, yaani mimi. Lililobaki katikati kabisa lilikuwa faili la foleni, lile linaloamua nani aitwe lini.

"Hilo mulifanye pamoja," akasema, akaondoka.

Na sisi tulikata. Ninaona aibu ya kitaalamu hata kuandika hapa, lakini tulikata. Mkaguzi anakuruhusu kumpa kila folda kanuni zake, kwa hiyo tulimwambia: folda hii nafasi mbili na Kifaransa, folda ile nafasi nne na Kiswahili. Alikubali bila kuuliza. Kwa wiki chache tulikuwa na amani. Kila mmoja alikuwa kwake, na mtu akitaka kitu cha ng'ambo alibisha hodi.

Faili la foleni halikuguswa na mtu. Lilikuwa lile lile lililowaita watu wawili, lilihitaji kurekebishwa kuliko yote, na kila mmoja wetu alipita kando yake. Mkaguzi hakubali faili moja liwe na kanuni mbili. Hata ukitaka kumdanganya nusu kwa nusu, anakataa. Siku moja nilikuwa nimepanda shambani kumpelekea baba dawa, nikasimama mbele ya ule mchikichi wa katikati. Mkungu mmoja ulikuwa umeanguka, umepasuka, ngazi zimetawanyika nyekundu kwenye majani pande zote mbili. Nilisimama pale nikamfikiria mwenzangu, na faili letu, na nikahisi uchovu mkubwa.

Kesho yake nilimwambia, "Tuondoe kanuni zako na zangu zote."

"Tubaki na nini?"

"Kila mkaguzi ana kanuni alizokuja nazo kutoka kwa waliomtengeneza. Watu wasioijua Rumonge. Tuchukue hizo, zote, bila kuchagua hata moja."

Akazisoma polepole. Kulikuwa na mambo aliyoyachukia na mambo niliyoyachukia mimi, karibu sawasawa. Mabano yalikaa alivyotaka yeye. Alama za kunukuu zilikaa nilivyotaka mimi. Mistari mirefu ilikatwa mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeikata. Nafasi zilikuwa mbili, nilimeza mate. Kwenye majina waliotengeneza hawakusema lugha gani, basi nikadai mkulima abaki mkulima kwa kuwa wakulima wenyewe wanapokea ujumbe kwa Kiswahili na Kirundi, na yeye akasema haya, kama alivyosema nikimwomba chumvi.

Likabaki jambo moja. Programu ina kumbukumbu. Kila mstari unajua aliyeugusa mwisho. Ukimwambia mkaguzi apange mafaili yote upya, karibu kila mstari unaguswa, na kumbukumbu itasema mistari yote, tangu wa kwanza, ni ya yule aliyebonyeza kitufe. Nikibonyeza mimi, yeye hakuwahi kupanda kitu. Akibonyeza yeye, mimi sikuwahi kutoa jasho.

"Bonyeza weye," akasema. Alikuwa anaangalia dirishani. "Mimi nimechoka, mubanyi."

Sikubonyeza. Nilikwenda kutafuta, nikasoma asubuhi nzima, na nikakuta kwamba wengine walishaumia kabla yetu. Kuna njia ya kuiambia kumbukumbu: siku hii usiihesabu. Mambo yaliyofanyika siku hii yaache yalivyo, lakini mtu akiuliza mstari ni wa nani, mruke aliyebonyeza, mtaje aliyekuwa kabla yake. Nikamwonyesha. Akabonyeza yeye, nikaandika mimi ile siku isiyohesabiwa. Mafaili yote yakawa na sura moja, huwezi kujua wapi niliishia na wapi alianzia. Kisha tukaiuliza kumbukumbu mstari mmoja mmoja, na kila mmoja ulimtaja aliyeupanda.

Mchana huo tulilifungua faili la foleni, tukakaa kompyuta moja. Kosa lilikuwa dogo na la kijinga, nusu langu na nusu lake. Madame alipita nyuma yetu, akaangalia, akasema, "Voilà," akaenda kununua ndagala.

Jioni nilimsimulia baba. Sikutegemea aelewe, nilitaka tu kumwambia mtu. Alikuwa anamenya mihogo. Nilimweleza habari ya siku isiyohesabiwa, akaacha kumenya.

"Kwa hiyo wote wanakaa mle mle."

"Ndiyo, baba."

"Na kila mtu anajulikana alichopanda."

"Ndiyo."

"Na hakuna miyenzi."

"Hakuna."

"Na mashine hiyo inaweza kuja shambani?"

Nikamwambia hapana, inasoma herufi tu. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mihogo yake. Nililia upande wa jikoni, na sikujali kama ananisikia. Nilipotoka alikuwa amemaliza kumenya na amekaa tu na kisu mkononi.

"Muulize mwenzako," akasema, bila kunitazama, "kama mama yake atakubali tukate ile mikungu ya katikati. Ngazi zinaoza bure."

Jibu lilichukua siku kadhaa kuvuka miyenzi. Mama yule alitaka kujua ni nani ataandikwa kwenye foleni. Programu yetu ilikubali jina moja tu kwa zamu moja. Tulikuwa tumeifunga hivyo kwa makusudi, baada ya yaliyotokea. Baba akasema kama ni jina lake peke yake hataki, watasema ameiba. Mama akasema kama ni jina lake peke yake naye hataki.

Tukalifungua tena faili la foleni. Tuliandika kwamba zamu moja inaweza kuwa na wenyewe wawili, na ili kuijaribu tukahitaji majina mawili ya mfano. Mwenzangu akaandika la baba yangu, kisha la mama yake, kwenye mstari mmoja. Mkaguzi akaukataa: mrefu mno. Akaukata mwenyewe, akayaweka majina moja juu ya jingine, yamesogezwa ndani sawasawa. Kisha akayapanga kwa alfabeti, na la mama likawa juu. Nilipomweleza baba sababu, aliniuliza alfabeti ni ya nani.

Msimu mkubwa ulipofika sote wawili bado tulikuwa na viti vyetu. Siku ya zamu ile tulikwenda wenyewe kwenye mashine, kwa kisingizio cha kuangalia kazi. Mikungu ya mchikichi wa katikati ilikuwa kwenye turubai moja katikati ya uwanja. Baba alikaa kwenye jiwe upande wa barabara. Mama yule alikaa upande wa pili, kitenge kimefungwa kiunoni. Hawakuwa wamesalimiana. Watu waliokuwepo walijifanya wanaangalia mashine.

Simu mbili zikalia pamoja. Baba akasimama, na mama akasimama. Mwendesha mashine alichungulia simu moja, akachungulia ya pili, akatangaza kwa sauti yake ile kwamba programu imeharibika tena, imeita watu wawili kwa zamu moja.

"Oya, hapana," mwenzangu akamjibu. "Iko sawa."

Baba alikuwa ameshainama kushika pembe yake ya turubai. Alisubiri hivyo, mgongo umepinda, mpaka mama yule akaja akashika ya kwake.